Laki na Uzito Wake

Laki ni elfu mia moja. Kamusi haihitaji kusema zaidi ya hapo, na mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo, katika soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, haulizi zaidi ya hapo. Lakini neno hilo, pamoja na wenzake elfu na milioni, lina kazi nyingine ambayo kamusi huitaja kwa haraka au huiacha kabisa: kumaanisha wingi tu, wingi ambao msemaji hakuuhesabu wala hana nia ya kuuhesabu. Muuzaji anayesema friji ni laki nane ametaja kiasi ambacho akikikosea kwa elfu kumi ataulizwa. Muuzaji huyo huyo akimwambia kijana wake wa dukani kwamba amemkataza jambo mara elfu, hatarajii mtu atoe kalamu na karatasi. Hapo ndipo lilipo swali ambalo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wamelishughulikia kwa karne nyingi: namba kubwa ikisemwa bila kuhesabiwa, je, ni uongo? Na kama si uongo, mpaka wake uko wapi?

Neno lenyewe limetoka Bara Hindi, likaja pwani na wafanyabiashara Wagujarati na Wakachi. Biashara yao haikuwa ndogo: kwa miongo kadhaa ya karne ya 19, ushuru wa forodha wa Zanzibar ulikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, na vitabu vya hesabu vya pwani viliandikwa na watu waliozoea kuhesabu kwa laki. Fedha zilibadilika. Ikatumika rupia katika koloni la Wajerumani, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, kisha shilingi ya Tanzania mwaka 1966. Laki ikabaki. Karori, ambayo India ni milioni kumi, haikuota mizizi kwenye Kiswahili. Nafasi yake ilichukuliwa na milioni ya Wazungu. Ndiyo maana Dar es Salaam ina kioja ambacho hakuna anayekiona tena: namba huandikwa 100,000, koma ikiwekwa baada ya tarakimu tatu kwa desturi ya Ulaya, kisha husomwa kwa neno la Kihindi. Elfu nayo ni ya Kiarabu, na iliisukuma pembeni kikwi, neno la Kibantu ambalo leo huishi katika tenzi na kamusi. Kwa Waganda, elfu kumi ni omutwalo, na neno hilo hilo maana yake ni mzigo. Baadhi ya jamii za kanda hii ziliipa namba kubwa jina kutokana na kitu zilichokuwa zinakihamisha, au kutoka kwa watu ambao zilifanya nao biashara.

Kuna sababu ya kisarufi iliyoisaidia laki kudumu. Kiswahili hutanguliza elfu kisha hutaja idadi yake: elfu mbili, elfu kumi. Tatizo huanza kwenye mamia. "Elfu mia mbili" ikisemwa haraka sokoni, katikati ya kelele za mikokoteni, inaweza kusikika kuwa elfu moja na mia mbili, kwa kuwa "na" hudondoka kirahisi mdomoni. Tofauti ya tafsiri hizo mbili ni shilingi 198,800. "Laki mbili" inafunga mlango huo. Ni neno la watu wanaoogopa kukosana.

Kariakoo ina msamiati wake chini ya laki. Mia tano ni jero, elfu moja ni buku, na noti ya elfu kumi huitwa msimbazi kwa sababu ni nyekundu, rangi ya Simba, klabu ambayo makao yake yako Mtaa wa Msimbazi. Laki, basi, ni noti kumi nyekundu, na milioni ni bunda moja la noti mia. Lakini jambo la kustaajabisha zaidi ni elfu isiyotamkwa. Mteja akiuliza bei ya shati huambiwa "kumi na tano". Akiuliza bei ya soksi huambiwa "mbili". Hakuna anayedhani shati linauzwa shilingi kumi na tano. Neno la namba kubwa limezoeleka mpaka limegeuka sakafu ya mazungumzo, kila mtu akisimama juu yake bila kulitazama. Mgeni kutoka kijijini au ng'ambo hutambulika hapo: ndiye anayemalizia neno elfu.

Ukubwa wenyewe haukukaa mahali pamoja. Mwaka 1966 noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100, na dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na shilingi saba na senti chache. Laki ya wakati huo ilikuwa takriban dola 14,000, mali ambayo mtu wa Kariakoo aliisikia kwenye habari za matajiri tu. Leo laki haifiki dola 50. Kima cha chini cha mshahara wa serikali kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na mitaani watu hutania kwamba laki si pesa. Tarakimu hazikubadilika hata moja: sifuri ni zile zile tano. Kilichobadilika ni kile ambacho neno linamfanya msikilizaji ahisi. Kwa hiyo kusema "laki ni nyingi" si kauli juu ya hesabu. Ni kauli juu ya mwaka, mtaa na mfuko wa anayesema.

Fumbo hili, la wingi kuanzia wapi, lina umri mrefu. Mgiriki Eubulides wa Miletus, katika karne ya nne kabla ya Kristo, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa swali la lundo: punje moja si lundo, na kuongeza punje moja juu ya kisicho lundo hakukifanyi kuwa lundo, basi lundo huanza punje ya ngapi? Vitabu vya falsafa hulijadili swali hilo kwa mchanga au nafaka. Kariakoo hulijibu kila asubuhi kwa nyanya. Fungu ni kipimo halali sokoni, lina bei, na halina idadi. Nyanya tano hupangwa, moja huwekwa juu, mteja akilalamika huongezwa ndogo pembeni. Hakuna sheria inayosema fungu ni nyanya ngapi, na bado mteja wa kila siku hujua mara moja fungu likiwa dogo. Eubulides angesema hilo haliwezekani kimantiki. Linawezekana kwa kuwa mipaka ya fungu hailindwi na mantiki bali na watu wawili walio uso kwa uso, kila mmoja akijua kwamba mwenzake anaweza kwenda meza ya pili.

Ni pale watu hao wawili wanapotengana ndipo fungu linapogeuka dhuluma. Lumbesa ni mfano wake mkubwa. Gunia la viazi au vitunguu hushonewa kilemba juu, likabeba kilo nyingi kuliko zinazolipiwa, na mkulima aliye mbali na Dar es Salaam hulipwa kwa gunia moja. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umepambana na lumbesa kwa miaka mingi bila kuimaliza. Qurani ina sura nzima, ya 83, inayoanza kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo: wanaojipimia kamili wanapochukua na kupunguza wanapotoa. Lumbesa ni kosa hilo lililopinduliwa kichwa chini miguu juu, maana hapa kinachozidishwa ndicho kinachomuibia mtu. Neno la idadi, "gunia moja", limebaki lile lile. Wingi ndani yake umefurika.

Swali la uongo lilijibiwa kwa uangalifu na Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya, sehemu inayohusu maafa ya ulimi. Alichukua mfano ambao ungeweza kutoka duka lolote la Mtaa wa Aggrey: mtu anayesema amemwita mwenzake mara mia. Hukumu yake ni kwamba msemaji huyo hakusudii kufahamisha hesabu, bali kufahamisha ukali wa jambo. Ikiwa alimwita mara nyingi kuliko ilivyo kawaida, hana dhambi hata kama hazikufika mia. Ikiwa alimwita mara moja tu, amesema uongo. Hukumu hii ni fupi na ina akili nyingi. Haiipi lugha uhuru wa kusema lolote, na wala haimfungi msemaji kwenye tarakimu. Inataka namba kubwa iwe na wingi wa kweli nyuma yake. Kiasi kamili ndicho kinachosamehewa.

Mjadala huohuo uko ndani ya tafsiri ya Qurani. Sura ya 9, aya ya 80, inamwambia Mtume kwamba hata akiwaombea wanafiki msamaha mara sabini, hawatasamehewa. Baadhi ya wanazuoni waliisoma sabini kama njia ya Waarabu ya kusema "kiasi chochote kile". Lakini hadithi inasimulia kwamba Mtume alitamka kuwa angezidisha juu ya sabini, na wengine wakaishikilia hapo: kama namba ingekuwa pambo tupu, kuivuka kusingekuwa na maana. Wataalamu wa misingi ya sheria walilifanya hilo kuwa mlango mzima wa elimu, wakiulizana kama kutaja idadi kunazuia kilicho zaidi yake. Injili ya Mathayo, sura ya 18, ina sabini yake pia. Petro anauliza kama asamehe mara saba, anajibiwa saba mara sabini. Hakuna mhubiri wa kanisa la Azania Front wala la Mtakatifu Yosefu anayewafundisha waumini kufungua daftari na kukoma kwenye kosa la 491. Petro alileta hesabu, na jibu alilopewa lilikuwa namba iliyotengenezwa ili hesabu ishindwe.

Mara baada ya hapo Mathayo anaweka mfano wa mtumwa aliyedaiwa talanta elfu kumi, kisha akamkaba mwenzake kwa dinari mia. Wasomaji wengi hupita hapo wakihisi tu kwamba deni la kwanza ni kubwa. Inafaa kulipigia hesabu. Talanta moja ilikuwa takriban dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa siku moja wa kibarua. Deni lote ni siku milioni 60 za kazi. Likigeuzwa kuwa miezi ya siku thelathini na kulipwa kwa kima cha chini cha serikali cha laki tano, linafika shilingi trilioni moja. Deni la mwenzake ni kama milioni moja na laki sita na ushei. Msimulizi alichagua elfu kumi kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo namba kubwa kuliko zote iliyokuwa na jina lake peke yake katika Kigiriki, na talanta ndiyo iliyokuwa kipimo kikubwa cha fedha. Alichukua neno kubwa kabisa akalizidisha kwa kipimo kikubwa kabisa. Mtumwa kuahidi kwamba atalipa yote ni kichekesho, na bila namba kichekesho hicho hakionekani.

Watoto wa madrasa wa Kariakoo hufundishwa namba nyingine: mitume na manabii laki moja na elfu ishirini na nne. Inatokana na hadithi iliyosimuliwa na Abu Dharr, ambayo wanazuoni wengi wa hadithi wameona upokezi wake una udhaifu. Qurani yenyewe inawataja kwa majina ishirini na watano tu, na inasema waziwazi kwamba wengine hawakusimuliwa. Mtu anaweza kuona hapo hesabu isiyo na ushahidi. Lakini tazama namba ilivyo. Mtu anayetaka kusema "wengi" tu huishia kwenye laki. Zile elfu ishirini na nne za mkiani zinaipa namba sura ya kitu kilichohesabiwa. Labda ndiyo siri ya kudumu kwake. Kwa mtoto anayeikariri, fundisho si orodha bali ni hili: kwamba hakuna umma ulioachwa bila mwonyaji, na kwamba sehemu kubwa ya historia ya Mungu na wanadamu haikuandikwa. Laki na ushei dhidi ya ishirini na watano ni kipimo cha kutojua.

Namba za kiroho zina tabia ya kuzidi kidogo. Katika Qurani, Usiku wa Cheo ni bora kuliko miezi elfu moja, ambayo ni miaka 83 na miezi minne, yaani umri mzima wa mtu aliyejaliwa kuishi sana. Na neno ni "bora kuliko", si "sawa na". Nabii Yunus alitumwa kwa watu elfu mia au zaidi. Hadithi za Alfu Lela Ulela hazikutosheka na usiku elfu, zikaongeza mmoja. Katika Ufunuo wa Yohana, sura ya 7, wanahesabiwa 144,000 waliotiwa muhuri, kisha aya chache mbele linaonekana kundi ambalo hakuna awezaye kulihesabu. Mashahidi wa Yehova huichukua 144,000 kuwa idadi halisi ya watakaokwenda mbinguni. Makanisa mengi mengine huisoma kama kumi na mbili mara kumi na mbili mara elfu, ishara ya ukamilifu. Ugomvi huo hauwezi kwisha kwa kuhesabu, kwa sababu ni ugomvi juu ya kama maandiko yalikuwa yanahesabu.

Tofauti na hayo, ibada ya kila siku huhesabu kwa kweli. Baada ya swala katika Msikiti wa Mtoro vidole husogea thelathini na tatu, thelathini na tatu, thelathini na nne. Rozari ina makumi yake matano ya Salamu Maria, na katika mahekalu ya Kisutu shanga ni 108. Namba hizi ni za kushikika, na huenda ndiyo sababu zimechaguliwa: huweka mkono kazini ili moyo usitangetange. Inasimuliwa kwamba Ibn Masud, swahaba wa Mtume, aliwakuta watu msikitini wakihesabu tasbihi zao kwa vijiwe mia mia, akawaambia wahesabu madhambi yao badala yake. Haikuwa hesabu aliyoikataa, kwa kuwa Mtume mwenyewe alifundisha adhkari za idadi. Alikataa kuiona ibada ikigeuka bidhaa inayorundikwa. Sura ya 102 ya Qurani imeitwa kwa jina la ugonjwa huo, Takathur, kushindana kwa wingi mpaka makaburini. Sura ya 104 inamlaani akusanyaye mali na kuihesabuhesabu. Biblia nayo, katika 2 Samweli 24, inamwonyesha Daudi akiwahesabu Waisraeli na kuadhibiwa. Kuhesabu ni namna ya kumiliki, na wakati mwingine kinachohesabiwa hakimilikiki.

Hata hivyo, dini hizo hizo hazina mzaha pale haki ya mtu mwingine inapoguswa. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya sura ya pili, haizungumzii pepo wala malaika, inazungumzia deni. Liandikwe, liwe dogo au kubwa, mwandishi aandike kwa uadilifu, washuhudie mashahidi. Ghazali angemruhusu muuza vitenge aseme amemdai mteja wake mara mia, na hapohapo angemkataza kubadilisha laki tatu na nusu kuwa laki nne kwa kukadiria. Maneno ni yale yale. Wenye haki ndio tofauti. Mungu hapunjiki mtu akimsifu kwa namba iliyofurika. Jirani hupunjika. Kiapo kinachowekwa juu ya bei, "wallahi hapa sipati hata buku", kimekatazwa kwa sababu hiyo: hadithi inasema huuza bidhaa na kufuta baraka.

Kariakoo yenyewe imebeba ushahidi mzito wa namba kubwa iliyoshindwa kuandikwa. Jina la mtaa limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanaume walichukuliwa kwa malaki kutoka pande zote za Afrika Mashariki kubeba chakula na risasi vichwani. Walikufa zaidi kwa kuhara, nimonia, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Hesabu rasmi za Waingereza zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Wanahistoria waliozichunguza baadaye wanakaribia laki moja. Katikati ya takwimu hizo mbili kuna watu wa kutosha kujaza uwanja wa mpira, na hakuna anayeweza kuwaita kwa majina. Mishahara ya wengi wao haikuwafikia ndugu zao, kwa kuwa daftari lililopaswa kusema nani amekufa lilikuwa na mianya au halikuwepo. Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 katika makutano ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Maktaba, inawakumbuka wapagazi kwenye maandishi yake bila idadi na bila jina la yeyote, na aliyesimama juu yake ni askari mwenye bunduki. "Karibu laki" hapa si chumvi ya mzungumzaji. Ni mahali ambapo deni lilistahili tarakimu kamili na likapewa neno la jumla. Namba isiyo na mkia, ikitokea juu ya maiti, inapaswa kumshtua msomaji kuliko namba yenye mkia.

Siasa ya Tanzania imeongeza aina nyingine ya namba kubwa. Mwaka 2008 Andrew Chenge, wakati huo waziri, alipoulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti kisiwani Jersey, aliziita vijisenti. Alijiuzulu uwaziri, neno likabaki. Katika sakata la fedha za akaunti ya Escrow ya Tegeta, lililoibuka mwaka 2014, Anna Tibaijuka, aliyekuwa waziri, alieleza kwamba shilingi milioni kumi alizotoa benki zilikuwa za mboga. Kariakoo ilicheka kwa miaka. Kilichowachoma watu hakikuwa kiasi peke yake bali kipunguzi: namba kubwa ilikuwa imevalishwa nguo ya namba ndogo mbele ya watu wanaojua bei ya mchicha. Mwaka 2017 upepo ulivuma upande wa pili. Mamlaka ya Mapato iliidai kampuni ya madini ya Acacia dola bilioni 190, takriban trilioni 424 za shilingi, na mitaani hesabu ikapigwa kwamba kila Mtanzania angeweza kupata gari aina ya Noah. Mgogoro uliishia kwenye makubaliano ya malipo ya dola milioni 300. Utani wa Noah ulikuwa wa busara kuliko ulivyodhaniwa. Watu waliopewa trilioni walijaribu kuigeuza kuwa kitu chenye milango na matairi, kwa kuwa vinginevyo haikuwa imesemwa kwao.

Bajeti ya serikali ya mwaka 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Mgawanyo wake ni takriban laki tisa na elfu kumi na tano kwa kila mtu kwa mwaka, na kwa umbo hilo mama lishe wa Mtaa wa Mchikichi anaweza kuijadili bajeti kwa saa nzima bila kuchoka. Trilioni inaposomwa redioni bila mgawanyo, hufanya kazi ya namba za kiroho, kuleta mshangao, mahali ambapo ilipaswa kufanya kazi ya deni. Viongozi wanaoisoma hawajasema uongo kwa kipimo cha Ghazali, kwa sababu wingi upo na tarakimu ni sahihi. Lakini kipimo chake kiliwekewa watu wanaofahamiana, na hakikuwaza hali ambayo namba ya kweli kabisa inaweza kumwacha msikilizaji bila habari yoyote.

Zaka huepa sehemu ya tatizo hili kwa kutotaja kiasi. Inadai sehemu, moja ya arobaini, na fungu la kumi la Wakristo vivyo hivyo. Shilingi ikishuka thamani, sehemu haishuki: mwenye milioni arobaini hutoa milioni moja, na kila laki hutolewa 2,500 ikiwa mali yote imefikia kiwango cha wajibu. Kiwango hicho, nisabu, hakikuwekwa kwa neno la namba ya fedha inayochapishwa bali kwa uzito: dinari ishirini za dhahabu, ambazo ni takriban gramu 85, au dirhamu mia mbili za madini ya fedha, takriban gramu 595. Wakati wa Mtume viwango hivyo viwili vilikaribiana. Leo vimeachana mno. Kwa dhahabu, nisabu inavuka milioni ishirini za shilingi. Kwa fedha, ni mamilioni machache tu.

Hivyo kila inapokaribia Ramadhani, wenye maduka wanaofunga hesabu za mwaka wao, wakithamini shehena kwa bei ya siku hiyo na kutoa madeni wanayodaiwa, hukutana na swali ambalo laki haiwezi kulijibu. Mwenye bidhaa za milioni kumi ni mtoaji kwa kipimo cha fedha, na kwa kipimo cha dhahabu hadaiwi kitu. Wanazuoni wanaochagua fedha husema maskini watapata zaidi na mtoaji atakuwa salama mbele ya Mola wake. Wanaochagua dhahabu husema fedha imeshuka mno kuwa mpaka wa utajiri, na kwamba mwenye meza moja ya viatu, anayelipa kodi ya pango na karo za shule, hawezi kuitwa tajiri kwa sababu ya madini ambayo hakuna tena anayeyatumia kununulia mkate. Pande zote mbili zina vitabu, na mwenye duka huchagua mwanazuoni anayemwamini, kisha hurudi kuhesabu.